Defender 110 Iliyogoma Kuvuta: Meno Yaliyokwisha Kati ya Giaboksi na Transfa

Gari ni Land Rover Defender 110 ya injini ya 300Tdi, giaboksi ya R380 ya gia tano na transfa ya LT230, yaani kisanduku cha gia kilicho nyuma ya giaboksi kinachogawa nguvu kwenda ekseli ya mbele na ya nyuma. Kazi yake ni ya shamba: kushusha viazi kutoka Mau Narok hadi Njoro na Nakuru mjini, kisha kupandisha mbolea na mbegu. Magunia 20 ya kilo 50 ni tani moja kamili, na barabara za ndani huko juu zikinyeshewa ni tope la kurudi nyuma na kwenda mbele hadi gari lijinasue.

Kwa msimu mzima gari lilikuwa likigonga. Dereva akiachia klachi, mlio mmoja wa chuma ulitoka katikati ya gari. Akibadilisha kutoka gia ya mbele kwenda rivasi, mlio uleule, mkubwa zaidi. Krosi za propela (shafti ndefu zinazopeleka nguvu kwenye ekseli) zikalaumiwa, zikabadilishwa zote, mlio ukabaki. Hatimaye, mzigo ukiwa mgongoni na mwinuko uko mbele, gari likasimama. Injini inapiga resi, gia zote zinaingia vizuri, klachi haitoi harufu ya kuungua, lakini gari halisogei.

Hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu husikia kwamba gari halivuti, na giaboksi nzima inashushwa siku hiyohiyo ili klachi ibadilishwe. Kumbe gari hili linaweza kueleza lenyewe palipokatika kabla hujalegeza hata boliti moja.

Kuuliza gari kabla ya kulifungua

Defender huendesha magurudumu yote manne wakati wote. Katikati ya transfa kuna difu inayogawa nguvu mbele na nyuma, na difu hiyo, kama difu yoyote, hupeleka nguvu upande ulio rahisi kuzunguka. Halfu shafti moja ikivunjika, au flenji ya gurudumu moja ikimaliza meno, nguvu yote humwagikia hapo na gari husimama kana kwamba giaboksi imekufa. Kwa hiyo swali la kwanza ni difu loki, yaani kufuli inayoifanya difu hiyo izungushe mbele na nyuma kwa pamoja. Sukuma liva ya transfa upande wa loki, taa iwake, kisha jaribu gia ya kwanza. Gari likisogea, tatizo liko kwenye ekseli au propela moja, wala usiguse giaboksi. Gari hili halikusogea.

Swali la pili ni mshale wa spidi. Kebo yake inatoka nyuma ya transfa, kwenye shafti inayozungusha propela ya nyuma. Ukiweka gia na kuachia klachi, mshale ukipanda ilhali gari limesimama, transfa inapokea nguvu na hitilafu iko baada yake. Hapa mshale ulilala. Mtu aliyechutama pembeni (kamwe asiwe chini ya gari) akathibitisha kwamba propela zote mbili zimetulia.

La tatu ni liva ya transfa yenyewe. Kati ya H (gia nyepesi ya mwendo wa kawaida) na L (gia nzito) kuna nyutro, na vijiti vya liva vikilegea, transfa inaweza kubaki nyutro huku liva ikionekana iko H. Jaribu H, jaribu L, sikiliza kama meno yanashika. Yalishika pande zote mbili, na bado hapakuwa na mvuto.

La nne ni breki ya mkono. Ngoma yake imefungwa nyuma ya transfa, si kwenye magurudumu. Ikivutwa na gari likashikilia mlimani, basi kila kitu kuanzia ngoma hiyo hadi ardhini ni kizima. Ilishikilia. Yaliyobaki ni mambo matatu tu: klachi, ndani ya giaboksi, au mahali shafti kuu ya giaboksi inapoingia kwenye transfa. Ukikumbuka ule mlio wa msimu mzima, la tatu ndilo lenye uzito zaidi.

Kulivuta gari hadi nyumbani kuna namna yake. Magurudumu yote manne yabaki chini, giaboksi nyutro, transfa nyutro, difu loki imetolewa. Kwa kuwa nguvu haifiki kwenye magurudumu, iache injini iwake kwa upole njia nzima ili breki na usukani zipate msaada wake. Kuteremka kuelekea Njoro kwa kamba huku breki zikiwa ngumu ni kutafuta ajali. Tumia chuma cha kuvutia, si kamba.

Kifuniko cha nyuma

Nyuma ya transfa, juu ya ngoma ya breki ya mkono, kuna kifuniko ambacho magari ya kazi maalumu hufungia PTO, yaani kifaa cha kuchukua nguvu ya injini kuendesha mashine nyingine. Kwa gari la kawaida ni bamba tu lenye gasketi. Nyuma yake unaona mwisho wa shafti kuu ukiwa katikati ya gia pokezi, yaani gia ya transfa inayovishwa juu ya shafti hiyo. Hapo ndipo nguvu yote ya injini hupita: meno ya nje ya shafti ndani ya meno ya gia, bila boliti, bila kitu kingine.

Zuia magurudumu yote manne kwa mawe makubwa au vipande vya mbao, mbele na nyuma, na uvute breki ya mkono. Safisha kabisa eneo la kifuniko, kwa sababu tope la shamba likiingia kwenye beringi umejitengenezea kazi ya pili. Fungua kifuniko. Mtu mmoja akae kwenye kiti, awashe injini, aweke gia ya kwanza na kuachia klachi polepole. Mwingine amulike kwa tochi akiwa mbali, bila kuingiza mkono.

Katika gari hili shafti ilizunguka na gia ikasimama. Klachi nzima, giaboksi nzima kwa ndani, uhusiano wa hapo katikati umekufa. Kwenye mdomo wa gia palikuwa na unga mkavu wa rangi ya ugoro. Ule si uchafu wa barabarani. Ni chuma cha meno yenyewe, kilichosagika na kupata kutu kwa sababu hapakuwa na oili.

Kwa nini meno yale hukauka

LT230 ilianza kutumika 1983 na R380 ikaja 1994. Kwa miaka mingi gia pokezi haikuwa na tundu la kupitisha oili hadi kwenye meno ya ndani. Oili ya transfa ililowesha beringi na meno ya nje, lakini katikati, pale shafti ilipokaa, palitegemea grisi iliyopakwa siku ya kuunganishwa. Grisi hiyo ikikauka, chuma kinasuguana na chuma kwa miondoko midogo midogo kila injini inapopumua. Mtengenezaji alikuja kutoa gia yenye matundu yanayopitisha oili hadi ndani. Gari la zamani ambalo halijawahi kufunguliwa huenda bado lina ile isiyo na matundu, hata kama oili inabadilishwa kwa wakati wake.

Mzigo unaobebwa hapo si mdogo. 300Tdi hutoa Nm 265 za nguvu ya kuzungusha. Gia ya kwanza ya R380 kwenye Defender ina uwiano wa 3.69, kwa hiyo meno yale hupokea karibu Nm 980. Sasa angalia kitu ambacho madereva wengi wa mashambani hawajaambiwa: gia nzito ya L iko baada ya meno haya. Uwiano wa H ni 1.41 na wa L ni 3.32. Kwa mwinuko uleule na mzigo uleule, ukitumia L meno ya shafti hubeba chini ya nusu ya nguvu ambayo yangebeba ukiwa H. Dereva anayeona L ni ya kujinasua tu, akaondoka na tani moja mlimani kwa H huku klachi ikilia, anayala meno hayo. Na kule kujinasua kwa kubadilisha mbele na rivasi haraka haraka ndiko kunakoyagonga vibaya zaidi, maana kila badiliko hulitupa jino kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.

Wapo wanaosema chanzo ni kusahau difu loki kwenye lami. Hiyo inaumiza kweli, lakini inaumiza difu ya kati, propela na ekseli, ambazo hujisokota zikikosa pa kulegea. Meno ya shafti kuu yako kabla ya difu hiyo, hivyo kosa hilo haliyafikii namna hiyo.

Nini kinaokolewa

Mlio ukishughulikiwa mapema, kazi ni ndogo. Gia pokezi hutoka kwa nyuma kupitia palepale penye kifuniko, transfa ikiwa ndani ya gari: unamwaga oili, unaweka liva nyutro ili gia za kati zizunguke kwa uhuru, unatoa hausingi ya beringi ya nyuma, unaichomoa gia huku ukiizungusha kufuata mshazari wa meno yake. Skrubu ya hausingi hiyo ina kichwa kilichozama na huwa imeng'ang'ana. Tumia bisibisi ya kupigwa nyundo, la sivyo utakivuruga kichwa chake kisishikike tena.

Ikishatoka, shafti inabaki inaonekana ndani. Pitisha ukucha juu ya jino kuanzia sehemu ambayo gia haikuifikia hadi sehemu iliyokuwa ikifanya kazi. Ukihisi kituta kidogo tu, na kilele cha jino bado ni bapa, shafti inaweza kuendelea. Vika gia mpya kwa mkono, weka giaboksi kwenye gia, kisha itikise kwa kuizungusha huku na huku. Kwa maoni yetu mchezo (kulegea) wa nusu milimita ukingoni mwa gia unakubalika. Ukikaribia milimita mbili usifunge, kwa sababu gia mpya italiwa na shafti mbovu katika muda mfupi.

Gari hili lilikuwa limevuka huko. Meno ya shafti yalibaki kama vilima vilivyochongoka, na katikati hayakuwapo kabisa. Shafti hiyo ni moja na shafti kuu ya R380, inayobeba gia zote za ndani. Haibadilishwi bila kuipasua giaboksi.

Palikuwa na njia tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa kuichomelea gia kwenye shafti, na ilikataliwa. Moto wa kuchomelea hulegeza ugumu wa shafti, huunguza sili zilizo karibu, na baada ya hapo transfa na giaboksi hazitenganishwi tena bila kukata. Anayelipia welding hiyo leo atanunua giaboksi na transfa pamoja baadaye. Ya pili ilikuwa giaboksi iliyotumika. Si mbaya, lakini nyingi zinazopatikana zimetoka kwenye Discovery. Kabla ya kulipa, linganisha hausingi ya klachi na mahali gia liva inapotokea, kisha fungua macho uone meno ya shafti ya nyuma, kwa sababu nayo inaweza kuwa na ugonjwa uleule. Usishawishike kuchukua na transfa yake: ya Discovery ina uwiano wa 1.222 badala ya 1.41, na gari lako litakuwa refu la gia (kasi zaidi, mvuto kidogo) kwa karibu asilimia 15. Kwenye lami ya Nakuru hadi Naivasha utafurahi, kwenye mlima wenye viazi utalia.

Njia ya tatu ndiyo iliyochaguliwa: kushusha transfa na giaboksi nyumbani, kuipeleka R380 peke yake kwa karakana yenye presi na vipimo ili iwekewe shafti kuu mpya, kisha kila kitu kirudishwe nyumbani. Kupasua R380 kwenye ua bila presi na bila shimu (vibati vyembamba) za kupimia beringi hatupendekezi. Kuishusha na kuirudisha kunawezekana kabisa kwa watu wawili wenye subira.

Kushusha

Onyo moja kwanza, na lisomwe mara mbili. Breki ya mkono ya gari hili hushika propela. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu ya nyuma inaliacha lizunguke, na gari linaweza kuondoka ingawa breki imevutwa. Ukishafungua propela, breki hiyo haishiki kitu chochote. Mawe kwenye magurudumu ndiyo breki yako. Kama unahitaji kimo, tumia stendi za chuma chini ya chasisi juu ya sakafu ngumu. Matofali hupasuka bila kutoa taarifa.

Toa waya hasi wa betri. Mwaga oili zote mbili kwenye beseni safi na uzikague: unga laini kwenye sumaku ni wa kawaida, vipande vyenye pembe ni vya jino au vya beringi. Ndani ya gari toa kisanduku cha katikati ya viti, kifuniko cha handaki na mabati ya sakafu. Skrubu za mabati hayo huwa zimekuwa kutu tupu. Zipulizie mafuta ya kupenya usiku wa kuamkia kazi, na zitakazokataa zikate, utaweka boliti mpya. Chomoa gia liva na uzibe tundu kwa kitambaa.

Chini, nati za propela ni za inchi 9/16, na spana isiyo ya kipimo hicho huzila pembe. Weka alama ya rangi kwenye flenji kabla ya kufungua ili propela irudi ilivyokuwa. Kisha fungua kebo ya spidi, kebo ya breki ya mkono, vijiti vya liva, waya za taa ya difu loki, bomba jembamba la kupumulia na kipande cha ekzosi kinachopita hapo. Chuma kinachokingama chini ya giaboksi hutoka kwa kuipanua chasisi kidogo. Jeki ndogo ikisukuma kati ya mbavu mbili za chasisi inatosha.

Shusha transfa kwanza, peke yake. Vikishuka pamoja, vyuma hivyo viwili ni mzigo ambao jeki ya kawaida haiwezi kuutuliza. Shika giaboksi kwa jeki yenye ubao juu, shika transfa kwa jeki nyingine, na ufunge transfa kwa mkanda kwenye jeki yake. Kata vichwa vya boliti mbili ndefu zenye uzi sawa na wa giaboksi, uchonge mfereji wa bisibisi mwishoni, na uziweke mahali pa boliti mbili za kuunganisha. Transfa itatelezea juu yake ikirudi nyuma, bila kuning'inia.

Giaboksi hufuata. Silinda ndogo ya klachi hufunguliwa boliti zake tu na kuning'inizwa pembeni bila kukata bomba, ili usianze kutoa hewa baadaye. Injini ikikosa giaboksi huinama nyuma na feni hugonga kava yake, kwa hiyo toa kava mapema na uweke jeki yenye ubao chini ya injini. Wakati wa kutenganisha, giaboksi ivutwe moja kwa moja nyuma hadi shafti yake itoke yote kwenye klachi. Ukiiacha ining'inie hata kidogo, bamba la klachi hupinda.

Wakati viko mezani

Karakana ilirudisha R380 ikiwa na shafti kuu mpya, beringi mpya na ringi mpya za sinkro (zinazolainisha kuingia kwa gia) za gia ya kwanza na ya pili. Sili ya nyuma ya giaboksi iwe mpya bila mjadala, kwa kuwa kuifikia tena ni kurudia kazi yote.

Kwa transfa, gia pokezi mpya yenye matundu ilipatikana Kirinyaga Road, Nairobi, ikatumwa Nakuru kwa matatu. Kabla ya kununua, hesabu meno ya gia ya zamani na udai idadi ileile, maana umbo la nje la gia za uwiano tofauti linafanana sana. Tazama pia matundu kwa macho yako, kwa sababu bado kuna gia za aina ya zamani madukani.

Beringi mbili za gia hiyo zilikuwa na vidoa, hivyo zikabadilishwa pamoja na ringi zake za nje. Beringi mpya ndani ya ringi ya zamani haidumu. Ya ndani ipashe moto kwenye oili au tanuri hadi kama nyuzi 100, gia ikiwa imelala kwenye friza usiku kucha, na itashuka yenyewe hadi chini. Moto wa gesi hapana, nyundo juu ya kikapu cha beringi hapana. Sili ya mbele ya transfa ipakwe oili mdomoni na iingizwe kwa kipande cha bomba kinachogusa ukingo wake wote kwa pamoja.

Nyuma ya ringi ya nje, ndani ya hausingi ya nyuma, kuna shimu inayoamua jinsi beringi zinavyobana. Watu wengi huirudisha ya zamani na kufunga. Beringi mpya inaweza kutofautiana kidogo, na kidogo hicho kikiwa mchezo, gia itatembea mbele na nyuma na kula sili. Kikiwa kubana kupita kiasi, beringi huungua. Funga hausingi bila oili nyingi, zungusha kwa mkono, sukuma na uvute. Kusiwe na mchezo wowote, na mzunguko uwe na uzito mdogo ulio sawa pande zote. Kisha zungushia kamba na upime kwa mizani ya kuvuta, ulinganishe na kiwango cha kitabu cha matengenezo cha gari hili. Shimu hubadilishwa hadi kipimo kilingane.

Maadamu klachi iko wazi, uma wa klachi wa 300Tdi nao ukaguliwe mahali unapoegemea nguzo yake. Bati la hapo hutoboka, na siku likitoboka klachi haitenganishi tena. Uma ulioimarishwa kwa bamba la ziada ni bei ndogo ukilinganisha na kushusha giaboksi tena.

Kurudisha

Panga bamba la klachi katikati kwa kijiti kilichochongwa kulingana na tundu la bushi ya mwisho wa kranki. Giaboksi ikiwa kwenye gia, zungusha shafti ya nyuma kwa mkono huku msaidizi akiisukuma mbele, hadi meno yakutane na hausingi iguse injini. Pengo likibaki, usilivute kwa boliti. Boliti zitaifunga kweli, na zitavunja sikio la hausingi au kupinda bamba. Rudi nyuma, sawazisha kimo cha jeki, jaribu tena.

Paka meno ya shafti kuu grisi ya molibdenamu, ingawa gia ni ya matundu, kwa ajili ya dakika za kwanza kabla oili haijafika. Nyuso za kuunganisha zipakwe silikoni nyembamba. Ikizidi, hukatika ndani na kwenda kuziba njia za oili. Transfa itelezeshe juu ya zile boliti mbili za kuongozea, ukizungusha flenji ya nyuma kidogo kidogo. Boliti za M10 za kuiunganisha na giaboksi zikazwe Nm 45, na nati za propela Nm 47, zote nati mpya za kujifunga.

Oili ni mahali pengine pa makosa. LT230 huchukua takriban lita 2.3 za EP90. R380 huchukua takriban lita 2.67 za MTF94 ikiwa kavu, na haipewi EP90 hata kama muuza duka anaapa kwamba gia zote ni gia. Oili nzito hiyo asubuhi ya baridi ya Mau Narok huifanya gia ya pili ikatae kuingia, na ringi za sinkro huchakaa zikilazimishwa. Katika vyote viwili, jaza hadi oili ianze kutoka kwenye tundu la kipimo, gari likiwa limesimama sawa, kisha funga.

Jaribio la kwanza lifanyike magurudumu yote yakiwa chini. Usiweke gia huku ekseli moja iko juu ya stendi na nyingine chini, kwa sababu gari hili huvuta kwa zote na litajirusha. Tembeza polepole kwenye uwanja, H kisha L, difu loki ndani na nje, rivasi mara kadhaa. Sikiliza ule mlio. Katika gari hili haukusikika tena. Mchezo mdogo uliobaki ulikuwa wa difu ya nyuma, ambao ni kitu kingine na haukuwa na haraka.

Baada ya kilomita 500, kipimo cha oili kiangaliwe tena katika vyumba vyote viwili na nati za propela zikazwe upya. Kimoja kikipungua wakati kingine kinaongezeka, sili moja ya katikati inapitisha. Kwa kazi ya shamba, oili ya transfa ibadilishwe kila kilomita 20,000, na siku hiyo kifuniko cha nyuma kifunguliwe, shafti imulikwe kwa tochi na kidole kipitishwe kwenye mdomo wa gia. Kikitoka na oili safi, kifuniko kinarudishwa na gasketi mpya. Kikitoka na unga ule wa rangi ya ugoro, gia ichomolewe papo hapo, kabla shafti haijaliwa.